Umbo la Marekani kwenye Tope la Mlima Kenya

Barabara ya zamani ya Embu kwenda Meru ilikuwa safari ya mabonde. Ena, Thuci, Nithi, Mutonga na mito mingine inayoshuka kutoka Mlima Kenya imechimba makorongo yanayoikata njia, na kabla ya lami gari liliteremka hadi mtoni, likavuka, likapanda ng'ambo, kisha likakutana na bonde jingine. Wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamekolea, udongo mwekundu wa Chuka na Chogoria huteleza kama mlenda. Mbio za magari za Safari, zilizoanza 1953, zilipita huku miaka mingi zikiuzunguka mlima. Mimi huyapimia magari ya zamani papa hapa, hata yale yaliyobuniwa mbali sana na Meru.

Chukua gari la Kimarekani la milango miwili, lile Wafaransa walilolipa jina lenye maana ya kitu kilichokatwa, kwa kuwa lilipunguzwa nyuma. Ford ya 1949 ilitolewa kwa aina zaidi ya moja: moja ilikuwa na kiti cha nyuma kwa ajili ya familia, nyingine ilikuwa na kiti cha mbele tu na nafasi kubwa ya mizigo, mahususi kwa wafanyabiashara waliozunguka na sampuli za bidhaa zao. Urefu wake ulikaribia mita 5, springi zake zilikuwa laini, na mnunuzi aliweza kuchagua injini ya V8. Nalipenda mno gari hilo. Mistari yake ni safi, haina pambo la bure, na kwenye barabara pana iliyonyooka linaelea. Lakini ulaini huo huo wa springi, kwenye njia yenye mashimo, hulifanya gari liyumbe na kugonga tumbo. Nao mkia mrefu unaoning'inia nyuma ya magurudumu hukwaruza ardhi kila linapoanza kupanda kutoka mtoni.

Wamarekani walilijaribu bonde kwa dhati mwaka 1964. Kampuni ya Ford ilileta Safari kikosi cha magari sita ya Mercury Comet, yenye injini za V8 za zaidi ya lita 4, yakiwa yameimarishwa na mafundi hodari wa California. Ni mawili tu yaliyomaliza, tena nyuma kabisa ya washindi. Peter Hughes na Billy Young walishinda kwa Ford Cortina GT, gari la Kiingereza lenye injini ya lita 1.5.

Kila Comet ilikuwa na kisa chake njiani, ila kuna hesabu inayolibana gari lolote zito. Gari la kilo 1,600, pamoja na watu na mizigo, likiteremka mita 100 za kimo kwa kushikiliwa na breki peke yake, breki hizo humeza joto la kutosha kuchemsha karibu lita 5 za maji. Gari la kilo 1,000 hutoa joto la lita 3. Joto hilo linaingia kwenye breki za ngoma, ambazo zimefunikwa na hupoa polepole. Ngoma ikipata moto hutanuka, bitana za breki zinapoteza mshiko, na dereva anakanyaga pedeli bila gari kupunguza mwendo. Kabla haijapoa, bonde jingine limefika.

Kupanda nako kuna shida yake. Injini nzito iko mbele, magurudumu yanayosukuma yako nyuma, na nyuma ni kwepesi. Ukiongeza nguvu kwenye tope, gurudumu linazunguka pale pale na kuchimba shimo. Ndiyo maana baadhi ya magari ya Safari yalifungwa vishikio nyuma, msaidizi asimame juu ya bampa na kuongeza uzito mahali unapohitajika.

Mwaka uliofuata ndio unaonipendeza zaidi. Joginder Singh, fundi na dereva mzaliwa wa Kericho, alishinda Safari ya 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544. Litazame gari hilo kwa haraka: mgongo wa mviringo, milango miwili, mabega manene. Utadhani ni Ford ya Marekani ya miaka ya 1940 iliyopunguzwa kipimo. Waswidi walilitamani umbo lile la Marekani, lakini uzito hawakuuchukua. Gari lenyewe lilikuwa na takriban kilo 950, injini ya lita 1.8, na halikuwa na chasisi ya pekee. Bodi ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo. Joginder alilipata likiwa tayari limetumika, akalitengeneza kwa mikono iliyoijua njia.

Leo kuna lami na daraja kule Nithi, lakini mteremko haujapungua, na hesabu ya joto ni ile ile kwa basi na kwa lori, ila joto lenyewe ni mara nyingi zaidi. Njia ya kuipunguzia breki kazi ni kuteremka na gia ndogo: magurudumu yanaizungusha injini, nayo inageuka pampu ya hewa inayolizuia gari, na joto linatoka kupitia rejeta na ekzosi badala ya kurundikana kwenye ngoma. Ukisimama juu ya Nithi alfajiri utayasikia malori yakishusha gia moja baada ya nyingine, injini zikinguruma ilhali hakuna anayekanyaga mafuta.