Unaangalia muvi ili ujue Kiingereza? Weka maandishi ya Kiingereza

Mwanafunzi akitoka shule ya msingi ya Kiswahili Tanzania, kidato cha kwanza anakuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Wengi hukimbilia muvi ili wajifunze. Sawa, ila namna ya kuangalia ndiyo inayoleta tofauti.

Muvi iliyotafsiriwa na DJ inakupa stori, lakini Kiingereza chenyewe hukisikii vizuri. Na maandishi ya lugha yako chini ya skrini nayo yana shida. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2009 uliwaonyesha Waholanzi video zenye lafudhi ngeni, ikiwemo filamu ya Trainspotting ya Uskochi. Waliosoma maandishi ya Kiingereza walielewa sentensi mpya za lafudhi hiyo kuliko waliosoma Kiholanzi. Jicho lilisoma neno lilelile ambalo sikio lilisikia.

Fanya hivi:

1. Chagua kipande cha dakika 2 au 3. Hata bando halitaisha.
2. Kiangalie bila sauti, ukisie wanasema nini.
3. Rudia kwa sauti na maandishi ya Kiingereza.
4. Ondoa maandishi. Simamisha kila sentensi, uitamke mwenyewe.