Inaitwa Bia, Lakini si Pombe

Mpendwa mama, je, ukikaribishwa chupa iliyoandikwa “bia” huku watoto wako wameketi mezani, utaipokea? Akina mama wanaokwenda Marekani kuwatembelea ndugu na watoto wao hukutana na swali hili. Huko kuna kinywaji kiitwacho Root Beer, yaani bia ya mizizi. Ni soda ya rangi ya kahawia iliyoiva, yenye povu jingi, na hupendwa na wakubwa kwa wadogo.

Zamani kilitengenezwa jikoni. Mama alichemsha mizizi na magome ya miti, akachuja, akatia sukari na hamira kidogo, kisha akakifunga kwenye chupa mpaka kianze kutoa povu. Charles Hires, mwuza dawa wa mji wa Philadelphia, aliwarahisishia akina mama kazi hiyo kwa kuwauzia pakiti za mizizi na majani makavu. Mwaka 1876 alikitangaza kinywaji chake katika maonyesho makubwa yaliyofanyika mjini humo.

Kwa kuwa kila nyumba ilikuwa na mchanganyiko wake, ladha haikuwa moja. Ni kama pilau yetu: jina ni lilelile, lakini kila mama ana mkono wake. Kiungo kikuu kilikuwa mzizi wa mti wa sasafrasi. Wengine waliongeza sarsaparila, tangawizi, mdalasini, karafuu, vanila au molasi. Wengine walitia mmea wa wintergreen, ambao mafuta yake yana harufu ileile ya dawa za kuchua misuli. Ndiyo sababu baadhi yetu tukionja mara ya kwanza tunadhani tumepewa dawa! Kumbe chupa ya kampuni nyingine ni laini na tamu kama aiskrimu ya vanila.

Jina la bia lilileta mzozo. Mwaka 1895 chama cha wanawake Wakristo waliopiga vita ulevi, Woman's Christian Temperance Union, kiliwataka watu wasusie kinywaji cha Hires, ingawa Hires mwenyewe alikuwa mpinzani wa pombe. Mwaka 1898 kilipimwa katika maabara. Ilionekana kwamba kilevi kilichomo si zaidi ya kile kilichomo katika nusu mkate. Mgomo ukaisha.

Tusiwacheke akina mama hao, kwani walikuwa wakilinda nyumba zao. Lakini hatari ilikuwa mahali ambapo hakuna aliyeishuku. Mwaka 1960 serikali ya Marekani ilipiga marufuku safroli, mafuta yaliyomo katika sasafrasi, baada ya majaribio kuonyesha kuwa yanaleta saratani ya ini kwa panya. Tangu hapo viwanda hutumia sasafrasi iliyoondolewa mafuta hayo, au ladha za kutengenezwa.

Leo nasi tuna mambo ya kuangalia. Barq's, iliyoanza Biloxi mwaka 1898, ni kali kidogo ulimini, na ile inayouzwa Marekani ina kafeini. Haifai kumpa mtoto anayekaribia kulala. A&W, iliyoanza Lodi, California, mwaka 1919, ina vanila zaidi na haina kafeini. Kopo moja la mililita 355 mara nyingi lina zaidi ya gramu 40 za sukari, yaani vijiko kumi vya chai. Tena, katika miaka ya karibuni baadhi ya viwanda vya pombe vimetoa bia ya mizizi yenye kilevi kweli, tamu kama soda!

Basi, mama, jina lisikutishe wala lisikutulize. Geuza chupa, usome kilichomo: kilevi, kafeini na sukari. Kisha nusa, onja kidogo wewe mwenyewe, ndipo uwamiminie watoto, tena katika bilauri ndogo.