Msongamano wa Njiani na Nafsi ya Msafiri wa Likasi

Mji wa Likasi, nchini Kongo, ambao enzi za Wabelgiji uliitwa Jadotville, ulijengwa kwa kusudi la kumweka mfanyakazi karibu na kazi yake, kwani Union Minière, kampuni ya madini iliyoasisiwa mwaka 1906 na kutaifishwa mwaka 1967, iliwajengea watu wake makambi jirani na viwanda, hata mtu akatoka zamu kwa miguu na kuketi na aila yake kabla bukari, yaani ugali, haijapoa. Leo riziki ya wengi iko mbali, Kambove, Fungurume ama Lubumbashi iliyo takriban kilomita 120, na njia kuu ya kuifuata ni barabara ya taifa namba 1, ambayo ndiyo hiyo hiyo inayopitisha shaba na kobalti ya Kolwezi kuelekea mpaka wa Kasumbalesa.

Lori moja likivunjika ekseli, safari yote husimama. Dereva wa teksi-basi huzima injini asipoteze mafuta, vumbi na moshi huingia madirishani, wachuuzi wa maji na karanga hupenya baina ya magurudumu. Abiria hupiga simu nyumbani na kusema, "Mama, kuleni tu, msiningoje," kisha baada ya kitambo hupiga tena na kuyakariri maneno yale yale kwa ukali, ilhali anayesikiliza hana kosa lolote.

Adha hii wanazuoni wamekwisha kuipima. Mwaka 2004 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walichapisha masimulizi ya wanawake 909 wa Texas, Marekani, kuhusu shughuli zao za siku nzima, na safari ya asubuhi ya kwenda kazini ikawa miongoni mwa zile zilizowafurahisha kidogo kabisa. Naamini kiini cha dhiki hiyo si umbali, bali ni kutojua na kukosa uwezo wa kubadili chochote. Wanasaikolojia David Glass na Jerome Singer, katika majaribio waliyoyachapisha mwaka 1972, waliona kwamba makelele hayakuwaathiri sana watu walioambiwa kuwa wanaweza kuyazima kwa kitufe, ijapokuwa hawakukigusa. Abiria wetu hana kitufe, wala hajui atafika saa ngapi, basi mwili wake hukaa katika hadhari mpaka ghadhabu inapopata mtu wa kuiangukia.

Hasara haikomei kwake. Mwanazuoni wa siasa Robert Putnam, katika kitabu chake cha mwaka 2000, aliandika kwamba kila dakika kumi zinazoongezeka safarini hupunguza kwa asilimia kumi ushiriki wa mtu katika mambo ya jumuiya, nako kwetu mambo hayo ni likelemba, yaani michango ya kupokezana, mazoezi ya kwaya na kukesha matangani, ambako aliyekosekana mara mbili tatu huanza kuhesabiwa mwenye kiburi, kumbe maskini alikuwa barabarani nyuma ya lori.

Ili kuepuka misongamano, Dar es Salaam iliyatengea mabasi yaendayo haraka njia yao mwaka 2016, kwa gharama kubwa. Likasi ingeweza kuanza kwa machache: malori yasiingie mjini saa za alfajiri na magharibi, winchi iwe tayari kuyaondoa yaliyoharibika, na redio za mji zitangaze hali ya barabara kabla watu hawajatoka majumbani.