Karate si ugomvi: Aliyezimia ndiye aliyepewa dhahabu

Mzazi wa Singida akisikia mwanawe anataka kujifunza karate, hofu huja haraka: asije akawa mgomvi wa mtaa. Kisa hiki kinajibu.

Agosti 7, 2021, fainali ya Olimpiki jijini Tokyo, uzito wa zaidi ya kilo 75. Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa anaongoza 4-1. Akarusha teke la juu, Sajad Ganjzadeh wa Iran akadondoka na kuzimia. Waamuzi wakamtoa Hamedi kwa kupiga bila kujizuia. Dhahabu ikaenda kwa aliyebebwa kwa machela.

Kwa nini? Katika kumite, yaani pambano la wawili, ngumi ina pointi 1, teke la mwilini 2, la kichwani 3. Lakini pigo la kichwani linatakiwa lifike bila kuumiza.

Mitindo inatofautiana. Shotokan na Goju-ryu hucheza sana pambano la pointi. Kyokushin wanapigana kwa nguvu kweli, ila ngumi ya usoni ni marufuku.

Adabu nayo ni kinga. Viatu vinabaki nje, kucha fupi, pete inavuliwa, na wapinzani wanainamiana kabla na baada ya pambano.

Kwa hiyo, iwe Singida mjini, Manyoni au Iramba, kabla ya kulipa ada nenda katazame zoezi moja. Mwanafunzi akimuumiza mwenzake, mwalimu anafanya nini? Akisimamisha na kumrekebisha, mwandikishe mtoto. Akicheka, rudi naye nyumbani.