GARI LIKIGOMA ASUBUHI, LIULIZE KWANZA

Ni saa kumi na mbili asubuhi. Mvua ya usiku imekatika, lakini ukungu bado umeufunika Mlima Rungwe. Lori limejaa ndizi na viazi. Wenye mali wamesimama kando yake. Dereva anazungusha ufunguo. Lori linasema "ta!" halafu kimya. Anajaribu tena. Kimya.

Hapo kila mtu huwa fundi. Mmoja anasema, "Betri imekufa, inunuliwe nyingine." Wa pili anasema, "Dizeli ina maji." Wa tatu anasema, "Tulisukume." Je, nani anasema kweli?

Katika wilaya ya Rungwe jambo hili si dogo. Majani ya chai yakichumwa yanatakiwa yafike kiwandani siku ile ile. Yakikaa yamerundikwa hupata joto, hubadilika rangi na kuharibika. Maziwa nayo huchacha. Jasho la mkulima hupotea hapo hapo. Kwa hiyo ni vizuri kujua kidogo habari za gari linalobeba mali yako, hata kama wewe si dereva.

MAGONJWA MAWILI

Gari hukataa kuwaka kwa namna mbili. Tusizichanganye.

Namna ya kwanza: injini inazunguka lakini haiwaki. Unaisikia ikihangaika, lakini haishiki moto. Hapo betri na stata vinafanya kazi. Tafuta kosa upande wa dizeli, filta na hewa iliyoingia katika mabomba.

Namna ya pili: injini haizunguki kabisa. Hapo usihangaike na dizeli. Hata ukibadilisha filta, injini haitazunguka. Leo tunazungumza juu ya ugonjwa huu wa pili.

KWA NINI DIZELI INATAKA NGUVU NYINGI

Injini ya namna hii ilibuniwa na Mjerumani Rudolf Diesel. Mwaka 1897 injini yake ilionyesha kwamba inaweza kufanya kazi vizuri. Haina plagi za kutoa cheche kama injini ya petroli. Pistoni huibana hewa kwa nguvu sana mpaka hewa hiyo inakuwa moto. Wewe mwenyewe umeona jambo hili. Ukijaza upepo baiskeli, pampu hupata joto. Katika injini joto ni kali zaidi. Dizeli ikinyunyiziwa ndani ya hewa ile, huwaka yenyewe.

Kuibana hewa hivyo ni kazi nzito. Stata ndiyo huizungusha injini, na betri ndiyo huipa stata nguvu. Ndiyo maana malori mengi yana betri mbili za volti 12, zilizounganishwa kuwa volti 24.

Baridi huongeza taabu. Oili huwa nzito, na wakati huo huo betri hupungua nguvu. Gari linaloweza kuwaka vizuri kwenye joto la Kyela linaweza kugoma Tukuyu asubuhi ya mwezi wa Juni au Julai.

ZIULIZE TAA

Kabla ya kununua kitu chochote, fanya jaribio hili. Halina gharama. Vuta breki ya mkono. Toa gia. Weka mawe kwenye magurudumu. Washa taa kubwa za mbele. Mtu mmoja asimame kando ya gari, asisimame mbele, aangalie taa. Dereva apige stata.

1. Taa haziwaki kabisa, au zinazimika mara moja. Betri imekwisha, au waya wa betri umelegea.

2. Taa zinafifia sana, na unasikia "tik-tik-tik". Betri ni dhaifu, au vichwa vyake vina uchafu.

3. Taa zinafifia sana, unasikia "ta!" moja, na betri ni nzima. Stata imekwama, au injini yenyewe imeshika.

4. Taa zinabaki kali, na unasikia "ta!" moja tu. Umeme haupiti ndani ya stata. Huenda kaboni zake zimekwisha, au swichi iliyo juu yake imeungua.

5. Taa zinabaki kali, na husikii kitu. Tazama swichi ya ufunguo, fyuzi na waya mwembamba unaokwenda kwenye stata.

6. Stata inalia "wiii" lakini injini haizunguki. Meno ya stata hayashiki.

Dereva asipige stata zaidi ya sekunde kumi. Apumzishe dakika moja au mbili, la sivyo stata itaungua.

ANZA NA KILE KISICHO NA GHARAMA

Fungua sanduku la betri. Je, unaona unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri? Unga huo huzuia umeme. Betri nzima inaweza kuonekana imekufa kwa sababu ya unga huo tu.

Ondoa kwanza waya wa upande wa kutoa (–), kisha wa kujumlisha (+). Safisha kwa maji ya moto yenye magadi kidogo. Yasiingie ndani ya betri. Sugua vichwa mpaka ving'ae. Rudisha waya wa (+) kwanza na wa (–) mwisho. Kaza kwa spana, kisha paka grisi kidogo kwa juu.

Fuata pia ule waya wa (–) mpaka unapofungwa kwenye chuma cha gari. Mvua na matope ya kwetu huleta kutu mahali hapo, na watu wengi hawapatazami.

Kama maji ya betri yamepungua, ongeza maji maalumu ya betri. Usitie maji ya mtoni wala ya bombani.

JIHADHARI

Betri hutoa gesi inayolipuka. Usivute sigara karibu yake, wala usiwashe kiberiti kutazama ndani. Asidi yake huunguza. Ikiingia machoni, osha kwa maji safi mengi kwa muda mrefu, kisha nenda hospitali.

Ukiazima moto kwa gari jingine, hakikisha volti ni sawa: 12 kwa 12, na 24 kwa 24. Unganisha (+) na (+). Waya wa (–) umalizie kwenye chuma cha gari lililogoma, mbali na betri.

KAMA GARI LIMEVUKA MAJI

Mito ya Rungwe hujaa haraka. Gari likizimika ndani ya maji, kisha injini ikakataa kuzunguka, usipige stata tena na usilisukume. Huenda maji yameingia juu ya pistoni. Hewa hubanwa, lakini maji hayabanwi. Ukilazimisha, chuma kinachoshika pistoni hupinda. Mwite fundi afungue nozeli, maji yatoke, na aizungushe injini kwa mkono kwanza.

MTEREMKO SI DAWA

Nchi yetu ni ya milima. Madereva wengine huegesha gari mlimani kila jioni, ili asubuhi literemke na kuwaka. Ndugu msomaji, hiyo si dawa. Ni kuficha ugonjwa. Tena ni hatari. Injini ikiwa imezimwa, breki hupungua nguvu na usukani huwa mzito. Lori lililojaa magunia likishika kasi katika mteremko wa utelezi, nani atalizuia?

Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Stata ikianza kuvuta kwa uvivu, hiyo ni dalili. Usingoje siku ya kupeleka chai.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Injini ikizunguka bila kuwaka, utatafuta wapi kosa?
2. Taa zikibaki kali na usisikie kitu, je, ununue betri mpya? Kwa nini?
3. Magari yanayobeba mazao ya kijijini kwenu huegeshwa wapi usiku?