Kaloli Ana Sheria, Mzoa Taka Je?

Ndugu wafanyakazi, sisi wa Kampala tunamjua kaloli, yule korongo mkubwa mwenye kipara na mfuko shingoni. Hujenga viota juu ya miti ya barabarani, na kinyesi chake humwangukia mama anayeuza ndizi chini. Wako wanaosema miti ikatwe na ndege wafukuzwe. Wengine wanajibu kwamba sheria inakataza.

Ni kweli. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inaweka wanyama na ndege wa porini mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi. Kuwaua bila kibali ni kosa.

Lakini tunauliza: nani alimwita kaloli mjini? Aliitwa na takataka. Anakula mizoga na makombo yasiyozolewa. Taka zikizolewa vizuri, njaa itamwondoa. Tukimfukuza na kuacha taka, maradhi yatabaki kwetu. Kumbukeni jaa la Kiteezi, lililoporomoka tarehe 10 Agosti 2024, likafukia nyumba na kuua watu zaidi ya 30.

Anayezoa taka hizo ni mwenzetu, na mara nyingi anazoa kwa mikono mitupu. Naye ana sheria yake: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila malipo. Basi tuidai. Ndege alindwe, na mfanyakazi alindwe pia.

Umoja ni nguvu!