Je, wajua boriti za tembe zinaweza kudokeza umri wake?

Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora mjini, lipo tembe linalosemekana kujengwa mwaka 1857 na mfanyabiashara Mwarabu. Wasafiri Stanley na Livingstone walifika hapo Februari 1872. Stanley aliondoka Machi 14, na Livingstone akabaki akisubiri wapagazi hadi Agosti 25. Leo ni makumbusho, na Kwihara imo katika orodha ya awali ya urithi wa dunia pamoja na Bagamoyo, Mpwapwa na Ujiji.

Lakini matembe ya Unyamwezi, eneo la Tabora, hayakuwa ya wageni mashuhuri tu. Yalikuwa nyumba, ghala na zizi kwa pamoja. Nafaka ilihifadhiwa kwenye malindo ya magome ya miti, mifugo ililala ndani ya ua, na paa bapa lilifaa kuanikia mazao. Paa lenyewe ni kazi ya kustaajabisha: nguzo zenye panda, boriti, fito, nyasi, kisha udongo ulioshindiliwa. Udongo mkavu wa mita moja ya ujazo una uzito wa karibu tani moja na nusu, kwa hiyo tabaka la sentimita 20 huzibebesha nguzo kilo 300 kwa kila mita ya mraba. Mvua ikinyesha, mzigo unazidi. Mchwa wakila nguzo moja tu, paa hubonyea, maji yakaingia, na ukuta ukaanza kurudi kuwa tope.

Ndiyo maana inafaa tembe lipimwe kabla ya kuanguka au kubomolewa, si baada. Kwanza huchorwa ramani yake, kila chumba na kila nguzo. Picha nyingi zinazopishana hupigwa, na kompyuta huziunganisha kuwa sura kamili ya jengo. Kisha tochi humulikwa kwa ubavu, mwanga ukipita sambamba na ukuta. Hapo ndipo mambo hujitokeza: alama za vidole vya aliyekandika, mlango uliozibwa zamani, chapa ya punje au bua lililochanganywa na udongo. Sakafuni, samadi ya mbuzi na kondoo huweza kuacha vijiduara vya chokaa visivyoonekana ila kwa darubini. Vikipatikana, tunajua zizi lilikuwa upande gani.

Mbao nazo zina ushahidi. Tabora ina msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu, na mninga huweka pete moja kila mwaka. Nchini Zimbabwe, wanasayansi wamezisoma pete za mninga kujua mvua za miaka mingi iliyopita. Boriti ya mninga yenye pete yake ya mwisho, ikilinganishwa na kumbukumbu ya pete za eneo hilo, inaweza kuonyesha mwaka ambao mti ulikatwa. Huo si lazima uwe mwaka wa kujenga, kwani mafundi walitumia tena boriti nzuri za nyumba iliyoanguka. Kwa hiyo hupimwa boriti kadhaa, si moja.

Umri wa jengo una uzito wa kisheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. La Kwihara limevuka mpaka huo kwa miaka sita tu! Tembe la mwaka 1870, hata likiwa limepokea misafara ileile ya pembe za ndovu na ya watumwa, halina kinga hiyo mpaka litangazwe rasmi. Kwa maoni yangu mpaka huo ni mkali mno kwa Tabora, kwa sababu misafara iliendelea kupita hapa kwa miongo kadhaa baada yake.

Kama ukoo wenu una tembe kuukuu na mnataka kujenga nyumba ya tofali na bati, jengeni, ni haki yenu. Ila kabla ya jembe la kwanza kugusa ukuta, pigeni picha kila upande, waulizeni wazee nani alijenga na lini, kisha mpelekeeni habari Afisa Utamaduni wa wilaya.